Uzinduzi wa Mvua katika Bwawa la Mshikamano

Nchi ninayotaka kuisimulia haiko karibu na kwenu. Nimeitafuta kwenye ramani na sijaiona, kwa hiyo msomaji atakayedhani anamfahamu mtu yeyote humu ajue kwamba ni macho yake, si kalamu yangu.

Ilikuwa nchi yenye utaratibu. Huko hata mvua haikunyesha ovyo. Masika yalikuwa na siku yake maalumu ya kuzinduliwa, na aliyeyazindua alikuwa Waziri wa Hali ya Hewa Njema. Kabla Waziri hajakata utepe, maji yote yaliyoshuka kutoka mawinguni yaliitwa unyevu. Baada ya utepe yaliitwa neema. Yakizidi, yaliitwa neema iliyovuka lengo. Neno mafuriko lilikuwamo kwenye kamusi, lakini tuliruhusiwa kulitumia kwa nchi jirani tu. Hali ya hewa mbaya haikuwa na wizara, na jambo lisilo na wizara haliwezi kutokea, maana nani atalijibia bungeni?

Mimi nilikuwa mpiga picha wa Televisheni ya Taifa, kikosi cha dhoruba, tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Tulikuwa watu watatu. Mtangazaji wetu aliitwa Siwema, mwanamke mwenye sauti ya kumbembeleza hata mdaiwa. Dereva wetu aliitwa Chande, na huyo alikuwa pia mshika anga.

Nieleze habari ya anga. Sheria ilikataza mtangazaji kuonekana amelowa, kwa sababu mtazamaji akimwona amelowa atadhani mvua imeanza, na itakuwa imeanza bila Waziri. Basi gari letu lilibeba turubai kubwa lililochorwa anga la buluu, jua, wingu moja dogo la heshima na ndege watatu wasio na haraka. Tukifika penye tufani, Chande alilisimamisha turubai hilo kwa miti, akalishikilia kwa mikono na meno, Siwema akasimama mbele yake, chini ya mwavuli usioonekana kwenye picha, nami nikapiga. Nilikuwa hodari sana wa kutoonyesha. Wapiga picha wa nchi nyingine hujifunza mahali pa kuelekeza kamera. Mimi nilijifunza mahali pa kutoielekeza, na elimu hiyo ni ngumu zaidi, kwa kuwa mahali hapo ni pengi.

Watazamaji nao walikuwa stadi. Tukitangaza kwamba sukari ipo ya kutosha, walikimbia madukani. Tukisema barabara ya kaskazini ni shwari, walipita kusini. Wageni waliita hali hiyo kutoaminiana. Mimi naiita kusikiliza kwa makini, maana sijaona taifa jingine lililozielewa habari zake vizuri kama lile. Na mara moja tulipotangaza hatari, kwamba simba wameingia kijiji cha Bondeni na wakazi wahame haraka, waliohama walirudi wakakuta vigingi vya wapima ardhi mashambani mwao, na bango la hoteli ya mtu mkubwa. Simba hawakuwaona. Tangu siku hiyo watu wa Bondeni hawakuhama tena kwa kuambiwa.

*

Unyevu ulikuwa umeshuka mfululizo mpaka vyura wakapanda ngazi za ofisi yetu. Asubuhi moja Mkurugenzi wa Habari Njema, Bwana Mashombo, akatuita. Tulimkuta amekaa juu ya meza, miguu ameikunja kama fundi cherehani, kwa sababu sakafu ya ofisi ilikuwa na unyevu wa kufika magotini.

"Itifaki imezingatiwa," alianza, ingawa tulikuwa sisi watatu na yeye. "Ndugu wanahabari, leo ni siku ya kihistoria. Alasiri, Mheshimiwa Waziri Makupa atazindua masika juu ya ukuta wa Bwawa la Mshikamano. Tangulieni mkaandae taarifa ya mchana. Nataka ukuta uonekane imara. Nataka maji yaonekane yana nidhamu. Nataka wananchi waonekane wamefurahi kwa hiari yao wenyewe."

"Mkurugenzi," Siwema akasema, "Bondeni ni chini ya bwawa hilo. Mama yangu anakaa kule. Anasema mto umepanda."

"Msalimie sana. Mwambie mto haupandi bila kibali."

Chande akauliza kama angeweza kupata anga jipya, maana lile la zamani lilikuwa na kiraka karibu na jua.

"Anga ni lilelile kwa taifa zima, Chande," Bwana Mashombo akajibu kwa uchungu. "Usiwe mbinafsi."

Tukaondoka. Njiani madaraja mawili yalikuwa yamekwenda likizo, tukazunguka. Hakuna aliyelalamika. Ukishafanya kazi hii muda mrefu, uchovu unakuwa kama sare: unauvaa asubuhi bila kuutazama.

*

Bwawa la Mshikamano lilikuwa mlimani, na kutoka juu ya ukuta wake uliweza kuyaona mabati ya Bondeni chini kabisa, madogo kama sarafu. Mkuu wa Wilaya, Bwana Mtonga, alitupokea akiwa amevaa suti na mabuti ya mpira.

Ukuta ulikuwa umepasuka. Sisemi kwa kukisia. Ufa ulianzia juu ukashuka hadi chini, na maji yalikuwa yanaupitia kwa kishindo. Bwana Mtonga alikuwa ameufunika kwa vitambaa vya rangi za bendera, akaning'iniza na maputo. Kila maji yaliposukuma, vitambaa vilipepea vizuri sana.

"Mheshimiwa," Siwema akasema, "huu ukuta umepasuka."

"Haujapasuka, binti yangu. Umefunguka."

"Maji yanatoka."

"Hiyo ni chemchemi. Tunaiandaa iwe kivutio cha watalii."

"Na watu wa Bondeni?"

"Watakuwa wa kwanza kunufaika."

"Watanufaika mpaka puani," Chande akanong'ona.

Siwema hakucheka. Alimshika Mkuu wa Wilaya mkono, jambo ambalo itifaki hairuhusu. "Mheshimiwa, nakuomba. Waambie waondoke. Una vipaza sauti, una askari, una magari."

Bwana Mtonga alishtuka kwa dhati. "Waondoke kabla ya uzinduzi? Wataambiwa wanakimbia nini? Mvua haijaanza!"

Tulikuwa tumesimama kwenye mvua hiyo, maji yanachuruzika kwenye nyusi zetu, na lazima niseme kwamba sheria ilikuwa upande wake.

*

Siwema alirudi garini akampigia mama yake simu. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari kwa nguvu, hivyo aliifungua sauti, na sote tukasikia. Mama huyo aliitwa Bi Kidawa. Alikuwa mfuga bata, mjane, na Siwema ndiye mwanawe pekee.

"Mama, toka hapo sasa hivi. Ukuta wa bwawa unabomoka. Pandeni mlimani."

"Nani kakwambia useme hivyo?"

"Hakuna. Nauona kwa macho yangu."

"Hata wale simba mliwaona kwa macho yenu."

"Mama, mimi ni mwanao!"

"Wewe ni mwanangu ukiwa jikoni kwangu. Ukishashika kile kijiti chako cha kutangazia, wewe ni serikali."

"Sijakishika!"

"Mkono haujakishika, lakini sauti inacho." Tukasikia bata wakilia nyuma yake. "Umekula?"

"Mama!"

"Nakuuliza umekula? Huku pananyunyiza tu. Ngoja niwafungie bata."

Simu ikakatika. Siwema akaitia mfukoni. Kisha akavaa koti la kazi, akashuka.

Taarifa ya habari ya mchana ikafika. Chande akalisimamisha anga. Upepo, ambao kwa lugha ya wizara uliitwa upepo wenye ari, ulikuwa unalivuta huku na huku, na wale ndege watatu walionekana kama wamelewa. Bwana Mashombo alikuwa ametutumia maneno ya kusomwa: maandalizi yamekamilika, wananchi wana shauku. Nikampa Siwema ishara.

"Nimeambiwa niwaambie kwamba maandalizi yamekamilika," akasema. "Watu wa Bondeni, ukuta wa bwawa umepasuka. Maji yanakuja. Acheni kila kitu mpande mlimani. Siwaombi kama televisheni. Nawaomba kama mtoto wa Bondeni."

Hapo ndipo anga lilipoondoka. Chande mpaka leo anasema upepo ulimnyang'anya. Mimi niliviona vidole vyake vikifunguka kimoja kimoja. Turubai likaruka juu ya bwawa, likajikunja, likazama na jua lake. Nyuma ya Siwema sasa palionekana palivyo: mvua, ukuta, maputo, na ule ufa unanguruma ndani ya bendera. Nami, hodari wa kutoonyesha, mkono ulinichoka. Nikaiacha kamera itazame.

*

Tulipomaliza, Chande alimpigia shemeji yake aliyekuwa Bondeni.

"Shemeji, mmeona?"

"Tumeona bwana! Mmejitahidi safari hii. Ule ufa mmeuchora vizuri kuliko hata anga."

"Mmehama?"

"Tuhame?" Yule mtu alicheka mpaka akakohoa. "Kulikuwa na waoga kadhaa walioanza kupanda mlimani tangu asubuhi. Walipomsikia Siwema wamerudi mbio! Kila mtu amekaa kwenye kiwanja chake na panga mkononi. Mwambie bwana wenu, hoteli hajengi."

Siwema aliposikia hayo aliketi kwenye matope, na koti la serikali akiwa nalo mwilini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilikuwa imewarudisha watu mtoni.

Simu ya Bwana Mashombo ikaingia. Sikuhitaji kufunguliwa sauti ili niisikie.

"Umelilowesha taifa! Mbele ya watazamaji wote! Na anga liko wapi? Utasoma kanusho sasa hivi. Sasa hivi! Usiposoma, usirudi ofisini, hata viatu vyako tutakuletea nyumbani."

"Sisomi," Siwema akasema. "Nifukuzeni."

Akakata. Akampigia tena mama yake, akiwa palepale matopeni.

"Nimekuona," Bi Kidawa akasema kabla ya salamu. "Umelowa chapachapa. Hawa watu watakuharibia mapafu kwa uongo wao."

"Mama, kwa maziwa uliyoninyonyesha..."

"Usiyaingize maziwa yangu kazini. Nisikilize, Siwema. Nimeishi na serikali hii kabla wewe hujazaliwa. Ukuta ungekuwa unabomoka kweli, saa hizi wangekuwa wameshatutangazia kwamba ni imara."

Akakata yeye.

Nilimwona Siwema ametulia, kama mtu anayesikiliza maneno hayo mara ya pili. Kisha akainuka.

"Mzee, kamera inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Chande, mpigie Mkurugenzi. Mwambie nitasoma kanusho lake. Lote, na nyongeza."

Alijipangusa uso kwa shati la Chande, ambalo nalo lilikuwa limelowa, akatengeneza kilemba. Anga hatukuwa nalo tena, basi nilikaza picha usoni pake tu, pasionekane kitu kingine. Akatabasamu. Ilikuwa tabasamu ya ofisini, ile anayoitoa siku ya bajeti.

"Serikali inapenda kuwahakikishia wananchi wa Bondeni," akaanza, kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "kwamba ukuta wa Bwawa la Mshikamano ni imara kuliko ulivyowahi kuwa. Wataalamu wameukagua na kujiridhisha. Picha zilizoonekana awali zilitokana na hitilafu ya mitambo. Hakuna sababu yoyote ya kuhofu. Wananchi wabaki majumbani mwao. Mheshimiwa Waziri mwenyewe anafuatilia hali kwa karibu. Viongozi wote wa wilaya wamehamishia familia zao Bondeni, ili kuonyesha mfano. Narudia: wamehamishia familia zao Bondeni."

Hakuwa hata amefika kwenye kurudia, tayari Chande alikuwa ananivuta bega. Nikageuza kamera kuelekea chini, nikaivuta picha karibu.

Bondeni yote ilikuwa inapanda mlima. Vitanda vilikuwa vichwani, mbuzi mabegani, wazee kwenye mikokoteni, sufuria bado zinatoa mvuke. Mtu mmoja alikuwa anasukuma baiskeli iliyofungwa televisheni na betri, na ilikuwa inawaka. Alikuwa anaendelea kutusikiliza ili ajue aongeze mwendo kiasi gani. Mbele kabisa ya msafara kulikuwa na mwanamke mzee aliyefunga kanga kiunoni, tenga la bata kichwani, anakwenda kama kijana. Siwema aliutazama mgongo ule kwenye kioo cha kamera yangu, akaweka kidole juu yake, asikiondoe.

"Kanyaga, mama," akasema polepole. "Kanyaga."

Ukuta ulingoja kwa adabu mpaka mtu wa mwisho akavuka. Au labda haukungoja. Mimi ndiye niliyeona hivyo. Tulikimbilia kwenye mwamba wa pembeni, ukuta ukaenda na bendera zake. Bondeni palijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, mabati yale madogo yakazimika moja baada ya jingine. Hakufa mtu. Bwana Mtonga alisalimika pia, akiwa ameshikilia mkasi wa kukatia utepe.

*

Waziri Makupa aliwasili alasiri na msafara mrefu. Alikuwa mtu mwenye tumbo la kitaifa na hotuba mbili, moja katika kila mfuko: ya kuzindua na ya kutoa pole, kwa kuwa ni kiongozi aliyejiandaa. Alipoelezwa yaliyotokea aliitoa ya pole.

"Wako wapi wahanga?" akauliza.

Bwana Mtonga akajikuna. "Mheshimiwa, bado hatujawapata."

"Wamezama?"

"Hapana, Mheshimiwa. Wako juu kule. Wamekauka. Wanachoma mahindi."

"Sasa nitampa nani pole?" Waziri alikuwa na huzuni ya kweli. "Natoka mjini, naacha vikao, nakuja kwenye msiba, halafu hakuna wafiwa? Huu ni utendaji gani?"

Askari wakatumwa mlimani kuwaomba watu wateremke wakapewe pole, na wakawaambia kwamba chini ni salama. Watu wakapanda juu zaidi. Mwishowe maofisa wa wilaya wakajipaka matope, wakajipanga mstari, na Waziri akawapa pole mmoja mmoja mbele ya kamera yangu. Bwana Mtonga alilia vizuri hata mimi nikaguswa.

Kisha utepe ukafungwa kati ya visiki viwili, pale ukuta ulipokuwa. Waziri akaukata. "Natangaza rasmi," akasema, "kwamba mvua imeanza." Wakati huohuo mawingu yakaachana, jua likatoka, kali. Itifaki ilidai miavuli, basi tukafungua miavuli, tukasimama chini yake tukitoka jasho mpaka wimbo wa taifa ukaisha.

Tume iliundwa palepale na ikamaliza kazi palepale. Ilibaini kwamba kanusho la Serikali ndilo lililookoa maisha ya watu. Jinsi lilivyoyaokoa haikuingia kwenye ripoti. Chande alipewa onyo kwa kupoteza anga la umma. Siwema aliteuliwa kuwa Sauti ya Utulivu ya Taifa, cheo kilichoanzishwa muda huohuo, akapigiwa makofi. Alishukuru kama mtu anayepewa mzigo mwingine juu ya ule alionao.

*

Jioni, kabla hatujarudi mjini, Siwema alituomba tupande naye mlimani. Tulimkuta Bi Kidawa amekaa juu ya jiwe, anawaachia bata watembee. Nyumba yake haikuwapo tena; mahali pake palipita mto.

"Umekonda," akamwambia mwanawe.

"Mama, twende kwangu," Siwema akasema. Alikuwa amechoka, na sauti ilimtoka ileile, laini, maana hana nyingine. "Kuna chumba kitupu. Kuna kitanda. Utakuwa salama pale, hakuna atakayekusumbua. Gari lipo tayari."

Bi Kidawa alimrudisha bata mmoja karibu na jiwe.

"Nitakuwa salama?"

"Salama kabisa."

"Wala hakuna sababu ya kuhofu?"

Nilimwona Siwema anatafuta neno. Lugha yetu ni pana, lakini maneno yote ya kumwita mama nyumbani yalikuwa yameshasomwa kwenye taarifa ya habari.

Watu wa Bondeni walikuwa wameanza kujikusanya kuelekea upande wa pili wa mlima, mbali na mto, mahali ambapo hakuna aliyewaambia waende. Bi Kidawa akawarudisha bata wake tengani. Akashika ncha ya kanga, akampangusa mwanawe tope shavuni, akainama kulichukua tenga.

Siwema alivua koti la kazi akampa Chande. Akavua na viatu. Akashika tenga upande mmoja, mama yake akalishika upande mwingine, wakaondoka wote wawili. Hakusema neno, na Bi Kidawa hakumfukuza. Tuliwatazama mpaka wakachanganyika na wengine, kisha tukateremka.

Taarifa ya habari ya jioni ilisomwa na mtu mwingine. Ilisema kwamba Sauti ya Utulivu ya Taifa, Bi Siwema, yuko njiani anarejea kazini akiwa na ari mpya.

Nchi nzima ikaelewa.